Siku Padri Roque Alipoyaruka Maneno

Ukiwauliza watu wa Misa ya Kiswahili hapa Scarborough, watakuambia kwamba Nyaboke ndiye aliyemwaibisha Padri Roque altareni mbele ya watoto. Nyaboke ni mimi. Ni kweli nilimshika mkono, na ni kweli Misa ile haikuisha. Lakini wengi wanaoisimulia habari hiyo, wakinywa chai kwenye ukumbi wa chini, hawakumjua padri yule akiwa nje ya kanzu yake, na mimi nimechoka kusikia maisha ya mtu mzima yakifupishwa yakawa dakika moja mbaya. Basi nitayasimulia mwenyewe.

Alizaliwa Kisumu, katika chumba cha nyuma ya bekari. Baba yake alikuwa Mgoa, mwokaji wa mikate, na Roque alikua akiamshwa na harufu ya hamira. Akaenda seminari, akapadrishwa hukohuko Kenya, akatumwa parokia za Nyanza na baadaye kwetu Kisii, ambako alijifunza kusalimia na kula ugali wa wimbi bila kukunja uso. Mwishoni mwa miaka ya themanini mama yake mjane aliugua akiwa Markham, kwa binti yake Milagres, na Roque akaja Canada kumuuguza. Mama akafa. Padri akabaki, maana huku nako mapadri walikuwa wachache, akawa anapewa parokia hii na ile, asubuhi Misa ya Kiingereza, mchana hospitalini kwa wagonjwa.

Sisi tulimpata mwaka 2004, Misa ya Kiswahili ilipoanzishwa, alasiri ya Jumapili moja kila mwezi. Siku hiyo alisimama mlangoni mwa kanisa, theluji ikimwangukia kwenye nyusi, akaniuliza natoka wapi, kisha akaniamkia kwa Ekegusii: "Bwakire buya!" Nilicheka hadi nikalia. Nilikuwa sijasikia salamu hiyo kwa mdomo wa mtu, si wa simu, tangu nitue mji huu.

Msidhani alikuwa mtakatifu wa kuchorwa dirishani. Alikuwa na hasira za haraka, hasa kwa wachelewaji. "Ingekuwa ndege ya kwenda Nairobi," alikuwa akisema kabla ya ishara ya msalaba, "mngelala uwanjani." Mpira aliupenda kupita kiasi, na gari lake lilikuwa na uchafu ambao ningeuonea haya hata kwenye banda la kuku. Lakini akishaifikia Sala Kuu ya Ekaristi, mtu yule alibadilika. Sauti ilishuka. Alipunguza mwendo hadi watoto wenyewe wakanyamaza, na maneno ya mageuzo, yale yanayoufanya mkate uwe Mwili wa Kristo, aliyatamka moja moja, macho kwenye mkate, kana kwamba ameambiwa ayaseme na mtu aliyesimama karibu naye.

Kazi yangu ilikuwa kutunza sakristia: kupanga mavazi, kuweka tayari divai na hostia, vile vikate vya unga na maji vya Komunyo, na baada ya Misa kufua vitambaa vya altare. Mara ya kwanza nilivisokota nikavitia kwenye mfuko, nia yangu vikaingie mashineni pamoja na soksi za wanangu. Padri alinidaka begani.

"Nyaboke, kitambaa hiki kimefuta kikombe. Huenda kuna chembe ya Mwili wa Bwana humo. Kwanza kisuuze kwa maji safi, na maji hayo uyamwage kwenye udongo. Usiyamwage sinkini yakaenda pamoja na ukoko wa ugali."

"Na wakati wa baridi, Fadha? Udongo nitautoa wapi?"

"Upo chini ya theluji. Canada haijauhamisha."

Kanisa lile lilikuwa na sinki lake maalumu la kazi hiyo, linalomwaga maji ardhini moja kwa moja, lakini sisi tulikuwa wageni wa alasiri moja, na ufunguo wa chumba kile hatukuaminiwa nao. Kwa hiyo nilivisuuza nyumbani, nikashuka na beseni kwenye lifti kutoka ghorofa ya kumi na moja, nikaenda nyuma ya maegesho palipo na kichaka. Majira ya baridi nilifukua theluji kwa kisigino hadi nione udongo. Msimamizi wa jengo alinikuta siku moja akaniuliza namwaga nini. Nikamwambia maji ya kanisa. Tangu siku hiyo akawa ananipisha mlangoni kama mtu aliyekutana na mchawi.

Kila mwezi Padri alifika kanisani mapema kuliko mwenye funguo. Akishafunguliwa aliketi benchi la mwisho kabisa, koti mwilini, mikono magotini, akiitazama taa nyekundu ya tabernakulo, kile kisanduku inamohifadhiwa Komunyo. Mwanzoni nilidhani anasinzia.

"Fadha, umelala?" nilimchokoza.

"Namwamkia mwenye nyumba. Utaingiaje kwa mtu uanze kugawa chakula chake kabla hujamsalimia?"

Nikamwonea wivu, kusema kweli. Mimi tangu mama yangu azikwe Kisii bila mimi, nilikuwa nikisali kama mtu anayeongea na ukuta. Jioni moja alikuwa akinirudisha nyumbani, magari yamekwama kwenye theluji, nikamwambia hivyo. Nilitegemea mahubiri. Alizima redio.

"Mimi nilikaa miaka mingi hivyo," akasema. "Baada ya kumzika mama. Nainua hostia, moyoni hakuna kitu. Kimya. Nilijiona mnafiki, nikataka kuacha."

"Ukafanyaje?"

"Nikaendelea kusoma Misa kila siku. Baba yangu alikanda unga hata siku alizogombana na mama, na watu wa Kisumu waliamka wakapata mkate. Hakuna aliyemuuliza alikanda na moyo gani." Akafuta kioo kwa kiganja. "Mwanangu, mimi ni mikono tu. Maneno ni yake. Ndiyo maana hayakauki hata mimi nikikauka."

Hayo ndiyo maisha yake ya kiroho ninayoyajua. Hakuwa na maono wala ndoto. Alikuwa na Misa, kila siku ya Mungu, akiwa na watu au akiwa peke yake kwenye kijimeza chumbani, akiwa mzima au mwenye homa. Mnyang'anye kila kitu umwachie hiyo, angeshukuru. Nawaambia haya ili mjue nilichomnyang'anya.

Kazi yangu ya mshahara ni kuwatunza wazee, kuwaogesha na kuwalisha, na nimewaona wengi wakipotea polepole mikononi mwangu. Kwa hiyo nilianza kumwona Padri kabla ya wengine. Mwaka 2011 alitusimulia hadithi ileile mara mbili katika mahubiri ya siku moja, watu wakacheka wakidhani ni utani. Baadaye alinipigia simu akiwa barabarani, amepita Scarborough bila kujua, akaniuliza kwa sauti ya kuomba radhi kanisa letu liko upande gani. Mara akawa ananiita Milagres. Mimi ambaye sinyamazi, nilinyamaza. Yeye ndiye aliyesema.

Ilikuwa Misa ya mwisho kabla ya Krismasi, mwaka 2012. Watu walikuwa wameshashuka kwenye chai, tumebaki wawili sakristia.

"Kazini kwako unawaona watu kama mimi," akaanza.

"Nawaona, Fadha."

"Daktari ameshaniambia. Askofu nitamwambia baada ya Pasaka. Nataka nimalize Kwaresima na nyinyi, basi." Alikuwa akikunja stola yake, akaifungua, akaikunja tena. "Kuna jambo moja linanitisha. Kulisahau jina langu, haidhuru. Lakini siku nikiyaruka maneno ya mageuzo, nitawapanga watu foleni, niwape mkate mtupu, nao waniitikie Amina. Nyaboke, usiniache nifanye hivyo."

"Kwa nini mimi? Waambie wazee wa kanisa."

"Wazee wa kanisa wana heshima! Nikivaa kasula nje ndani watasema nimependeza. Wewe una mdomo. Njoo unionyeshe kwenye kitabu. Nisipoelewa, nisimamishe."

"Mbele ya watu?"

"Nitakuwa mbele ya watu. Utanisimamishia wapi kwingine?"

Nilicheka nikamwahidi. Ni rahisi kuahidi wakati mtu amesimama mbele yako, mzima, anakunja stola yake vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya nne ya Kwaresima, ile ya mavazi ya rangi ya waridi. Aliyavaa akajitania kwamba anafanana na keki ya harusi, na mimi nikasema moyoni, leo yuko sawa. Masomo yakaenda, mahubiri yakaenda. Kwaya ikaimba Mtakatifu kwa kayamba, tukapiga magoti. Padri akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Akatazama juu, akatabasamu, akanyoosha mikono, akatualika kusali Baba Yetu.

Hapakuwa na mageuzo. Mkate ulikuwa mezani kama nilivyoutoa koponi, hakuna aliyeutamkia neno.

Nyuma yangu msichana mmoja alimnong'oneza mama yake kwa Kiingereza, "Mum, did he skip it?" Mama akamwambia, "Shhh." Mzee mmoja wa kanisa akasimama. Wengine wakasimama. Wakaanza kuisali Baba Yetu kwa sauti kubwa kuliko siku zote, na nikaelewa wanachofanya. Walikuwa wakimfunika, kama unavyomfunika baba yako nguo ikimfunguka mbele ya wageni. Hakuna mtu wa kwetu ambaye angefanya vingine. Kumsahihisha padri altareni? Heri tule mkate mtupu, tuseme Amina, twende nyumbani.

Nilisubiri mtu mwingine aende. Nilimkasirikia Padri, na ninaandika hili bila kuona haya: nilimkasirikia kwa kunichagua mimi. Kisha nikajikuta natembea. Nikapanda ngazi za altare, nikarudisha kurasa za kitabu nyuma, nikaweka kidole.

"Fadha. Maneno bado."

"Tayari, mwanangu," akasema kwa upole.

"Bado, Fadha. Tazama hapa."

"Tayari." Alinitazama kama mama mmoja mgeni aliyepotea njia, akachukua hostia, akaiinua aionyeshe kwa watu. Hapo ndipo nilipomshika mkono. Nilimshika kwenye kifundo, nikaushusha mkono wake hadi mezani, na kanisa zima likavuta pumzi.

Alikitazama kidole changu kitabuni. Akaitazama hostia. Nikauona uso wake ukielewa, na nisingetaka hata adui yangu auone uso wa namna hiyo. Akajaribu. Alianza vizuri, "Yeye alipokuwa," akakwama. Akaanza tena. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake, herufi kubwa, na macho yakawa yanatangatanga juu ya ukurasa kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua namba yake. Midomo ilicheza bila sauti. Mwishowe akaiweka hostia kwenye sahani taratibu, akazigeukia zile nyuso.

"Nendeni nyumbani, wanangu," akasema. "Leo sina cha kuwapa."

Watu waliondoka kimyakimya. Chai haikunywewa. Mimi nilizirudisha hostia koponi, nikakunja vitambaa, na siku hiyo sikuwa na maji ya kumwaga popote, maana vilikuwa havijafuta kitu.

Milagres alikuwa benchi la mbele, alikuja kila mwezi kumsikiliza kaka yake. Alinipigia simu kesho yake.

"How could you, Nyaboke? Wewe, aliyekuwa anakuita mwanangu! Ungengoja. Ungemwambia askofu polepole, hata mimi ungeniambia."

"Yeye mwenyewe aliniomba, Mama Milagres."

"Mgonjwa! Mgonjwa aliomba! Watu wangekula, wangerudi kwao, na Mungu angejazia palipopungua. Sasa wewe umejazia nini?"

Na shahidi wangu alikuwa mmoja tu, ambaye alikuwa akisahau. Wiki chache baadaye nilimkumbusha yale tuliyoahidiana sakristia. Alinisikiliza kwa adabu. Hakuyakumbuka hata kidogo.

Wakubwa wa Kanisa walimtendea vizuri, siwezi kusema vibaya. Walimwambia asiadhimishe Misa tena peke yake. Akaletwa Padri Hyacinthe, Mkongo, kijana mwenye sauti nzuri, na kwa miezi kadhaa Padri Roque aliketi kando yake na kanzu nyeupe, mikono magotini. Watu walimsalimia yeye wakanipita mimi. Kisha akahamishiwa nyumba ya wazee North York.

Nilikwenda kila siku yangu ya mapumziko, mabasi mawili, nikimpelekea chapati kwenye karatasi ya alumini, kwa kuwa chakula cha pale alikisukuma. Nilikuwa nimeruhusiwa kumpelekea Komunyo pia. Yeye aliyewalisha maelfu alikuwa akifungua mdomo kwa mkono wangu. Sikuwahi kulizoea jambo hilo.

Siku moja, mwaka 2014, alinishika kiganja kama mtu mwenye siri.

"Mama, wewe wa kanisa lile. Kuna mwanamke alinizuia nisiwape watu Komunyo. Nilimkosea nini?"

Ningeweza kumwambia ni mimi. Ningeweza kumweleza upya yote, ahadi na kitabu na kidole, naye angelia upya kama ndiyo kwanza yanatokea.

"Hukumkosea kitu, Fadha," nikasema.

"Basi umwambie anisamehe."

Nilienda chooni nikafungua bomba, nikalia hadi muuguzi akagonga mlango.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata, Pasaka imepita na theluji bado inaanguka kana kwamba haina kalenda, nilimkuta kwenye sebule ya wazee. Karibu naye aliketi Mzee Sadru, Mwislamu wa Kiismaili aliyekuwa na duka Dodoma zamani, akitazama televisheni. Alipenda kukaa karibu nasi asikie Kiswahili. Padri alikuwa hasemi tena siku hizo, labda neno moja moja. Nilimfungulia chapati, nikamtandikia leso yangu nyeupe magotini.

Hakuila. Aliichukua kwa mikono miwili. Mgongo ukanyooka kitini. Akavuta pumzi, na ikatoka sauti ambayo nilikuwa nimeshaizika, ile ya chini, ya polepole. Akayasema. Yote, kutoka mwanzo, macho kwenye chapati, moja moja, bila kitabu, bila kukwama. Huu ndio mwili wangu. Akainua. Maneno yalisimama imara.

Mzee Sadru alichukua rimoti, akazima televisheni, akainamisha kichwa.

Padri akaimega. Akanyoosha kipande kuelekea mdomo wangu. "Mwili wa Kristo," akasema, akangoja.

Najua sheria, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Chapati ina mafuta na chumvi. Divai haikuwepo. Ruhusa hakuwa nayo. Na mimi ndiye niliyeahidi, kuliko mtu yeyote duniani, kutomwacha awape watu mkate mtupu waitikie Amina. Mkono wangu ulishainuka kidogo, nadhani kwa mazoea, kama siku ile. Lakini yeye alinitazama, na usoni mwake hamkuwa na hofu tena. Alikuwa na cha kunipa.

Nikaushusha mkono. Nikasema Amina, nikala.

Alitabasamu, akapangusa vidole kwenye leso, kidole kimoja baada ya kingine, kama alivyofanya altareni maisha yake yote. Hakuniambia neno jingine, siku hiyo wala nyingine. Alifariki kabla ya mwezi kuisha, na mazishini Milagres alisimama upande mwingine wa kaburi.

Baadaye nilimsimulia Padri Hyacinthe. Alinisikiliza vizuri, kisha akaweka mkono begani kwangu. "Mama Nyaboke, pole sana. Lakini unajua, ile ilikuwa chapati tu."

"Najua, Fadha," nikamjibu. "Niliikanda mwenyewe."

Nilikuwa nikijua hata jioni ile, niliporudi nyumbani kutoka North York. Nilitia maji safi kwenye beseni, nikaisuuza leso. Nilisimama mbele ya sinki kwa muda mrefu. Kisha nikavaa koti, nikashuka na beseni kwenye lifti, nikaenda nyuma ya maegesho, nikafukua theluji kwa kisigino mpaka nikaufikia udongo.